Mgonjwa Nisiyemjua kwa Sura

Nimestaafu juzi tu, na vijana niliowaacha kliniki wameniomba niwaandikie niliyoyaona. Nadhani walitaka mambo ya dawa. Ya dawa mtayasoma vitabuni, na kila baada ya muda yanabadilika. Mimi nitaandika habari za kukaa na watu, maana uuguzi wa afya ya akili, ukiondoa sindano na makaratasi, ni kukaa na mtu mpaka ujue anaumwa nini. Ni kazi ya upweke. Chuoni sikuambiwa, basi nawaambia mimi.

Kwetu ni Kipatimu, kwenye milima ya Umatumbini, na nimelelewa misheni. Nilipopangiwa hospitali ya huku pwani ya Kilwa ndugu zangu walifurahi sana, mpaka walipouliza nitakuwa idara gani. Mama akasema, "Basi watu wa hapa kijijini usiwaambie." Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kabisa, baada ya stoo ya vitanda vibovu, jirani na chumba cha maiti. Sijui aliyeyapanga majengo yale alikuwa akitutania au la. Mjini niliitwa daktari wa vichaa kabla hata sijamaliza wiki. Hicho ni cheo ambacho hakikuhitaji barua.

Siku ya kwanza nilikwenda na koti lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni na funguo zikining'inia kiunoni. Aliyenipokea alikuwa Bi Zaina, muuguzi wa siku nyingi, mwenyeji wa Kivinje, mwembamba, asiyepandisha sauti kwa lolote. Alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"Hizo funguo tia mfukoni, mwanangu. Mgonjwa akizisikia atadhani yuko gerezani. Na hapo ulipokaa hapafai, umemzibia mwenzio mlango."

Tangu siku hiyo sijaweza kukaa kati ya mtu na mlango. Hata harusini naanza kwa kuhamisha kiti, na watu hudhani natafuta njia ya kutoroka kabla ya michango.

Bi Zaina hakuwa mtu wa mihadhara. Ukimfuata, unajifunza, usipomfuata, shauri yako. Siku moja tuliitwa kijiji cha Njinjo, kwa mtu aliyefungwa kamba kwenye gogo ndani ya jiko la nje. Jamaa zake walisema ana mashetani na anauma watu. Mimi niliiona kamba, nikapandwa na hasira, nikaanza kuwasomesha haki za wagonjwa. Bi Zaina aliomba maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaomba mengine ya yule mgonjwa. Akamshikia kikombe, akamngoja amalize, ndipo akamuuliza jina lake. Mpaka alasiri sindano aliyomchoma ilikuwa imeshika na kamba imefunguliwa, na hakuna aliyegombana na mtu.

Njiani kurudi aliniambia, "Wewe ulikuwa unatazama kamba. Mimi nilikuwa natazama kama anameza. Asiyeweza kumeza, au mwenye shingo ngumu na homa, huyo si wa chumba chetu. Ugonjwa wake uko mwilini, na ukimpa dawa zetu unamchelewesha kufika anakotakiwa."

Mengi aliyonifundisha yalikuwa ya namna hiyo. Kiti usikiweke uso kwa uso na mgonjwa, kiweke upande kidogo, ili naye apate pa kupeleka macho. Ukiuliza swali, lisubiri. Usilitupie la pili mgongoni. Na lingine ambalo nimelitumia kuliko kipimo chochote nilichowahi kushika: "Mfiwa mtajie marehemu wake. Muulize jambo dogo, alipenda nini, aliudhika na nini. Huzuni itaamka, atalia au hata atacheka. Ukimtajia na kisiamke kitu, basi hapo pana zaidi ya huzuni."

Baadaye Bi Zaina alistaafu, akaishi kidogo, akafariki. Nililia kwenye mazishi yake kuliko wanawe, na watu wakanishangaa. Baada yake idara nzima ilikuwa mimi na meza.

Sasa niwaambie kisa nilichokibeba kuliko vyote. Majina nimeyabadili.

Bi Rukia, mama wa makamo wa mtaa wa zamani kule Kivinje, alinisimamisha nje ya hospitali, akanivuta pembeni. Kaka yake mkubwa alikuwa amefariki, na wifi yake, yaani mjane, alikuwa ndani ya eda. Kwa ninyi msiokulia pwani: mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki bila dharura, na mwanamume asiye wa kwake hamwoni. Bi Rukia ndiye aliyekuwa akikaa naye.

"Hali chakula, daktari. Nadhani presha. Njoo umpime. Lakini usiwaambie watu umekuja kama nani."

"Nimekuja kama mpima presha," nikasema.

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

Nilikwenda asubuhi, mkoba begani. Barazani alikuwapo Bwana Salumu, mdogo wa marehemu, msimamizi wa nyumba. Alinipokea vizuri, akaniambia kwa fahari jinsi mji mzima unavyomsifu shemeji yake. "Hajachungulia hata dirishani, daktari. Hasemi ovyo, hacheki, hakumbuki hata kula. Wanawake wa sasa hawaiwezi eda hii. Hii ni subira ya watu wa zamani." Nilimwitikia kwa kichwa, lakini hayo maneno yalinikaa vibaya. Mambo yote aliyoyataja kama sifa, mimi nilifundishwa kuyataja kama dalili.

Ndani, mlango wa chumba cha mjane ulikuwa na pazia zito la kijani. Niliwekewa kigoda ukumbini. Mkono ulitolewa pembeni mwa pazia, umezungushiwa kanga mpaka kwenye kiganja, nami nikapima juu ya kanga. Presha ilikuwa nzuri kuliko yangu.

"Basi mzima?" Bi Rukia akauliza, uso umeanza kukunjuka.

"Presha ndiyo nzima. Naomba nimsemeshe kidogo."

Nikasogeza kigoda upande, kwa mazoea, ingawa hakukuwa na macho ya kukwepa. "Mama, pole na msiba. Habari za tangu asubuhi?"

Pakapita kimya. "Alhamdulillahi."

"Unapata usingizi?"

Kimya tena. "Alhamdulillahi. Nalala."

Bi Rukia akatikisa kichwa, hapana. "Na chakula?"

"Alhamdulillahi."

Sikuwa namwona, kwa hiyo sikuwa na uso wala mabega wala vidole vya kusoma. Nilikuwa na sauti tu. Na ile sauti ilikuwa sawasawa mwanzo mpaka mwisho, na kila jibu lilichelewa kama ndoo inayovutwa kisima kirefu. Nimesikia wafiwa wengi wakisema alhamdulillahi. Wengine huisema kwa machozi, wengine kwa ukali, wengine kwa kuchoka. Hii haikuwa na chochote ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusikia mshindo huo, nikaogopa.

Nikakumbuka somo la Bi Zaina. "Mama, marehemu alikuwa akipenda mboga gani?"

Nilisubiri. Bi Rukia alifungua mdomo kujibu, nikamwashiria aache. Nje jogoo aliwika, mtu akapita na baiskeli.

"Sikumbuki," sauti ikasema.

Bi Rukia alishika kifua. Mwanamke aliyempikia mume tangu usichana wake, hakumbuki mboga. Na alilisema bila huzuni, kama mtu tuliyemuuliza njia ya kijiji asichokijua. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza, "Nawachosha hawa. Ningekuwa sipo, wangepumzika."

Hapa ndipo vijana wengi hurudi nyuma. Husema, nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Kuuliza hakumtii mtu kifo kichwani. Kunampa mahali pa kuutua mzigo. Nikauliza, kwa sauti ile ile niliyoulizia chakula, "Mama, unawaza kujiua?"

"Astaghfirullahi!" Bi Rukia akaruka. "Daktari, maneno gani hayo, kwenye nyumba ya eda?"

Nyuma ya pazia ukimya ulikuwa mrefu kuliko wote. "Nawaza," akasema. "Stoo kuna dawa ya kupulizia mikorosho."

Bi Rukia alikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama.

Nilibaki kusema na mjane kidogo, nikamwambia kwamba huo ni ugonjwa, si uchache wa imani, na kwamba una dawa. Sijui kama alinisikia. Kisha nikatoka barazani kwa Bwana Salumu, maana mwenye nyumba lazima aambiwe. Nikamweleza taratibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasimama.

"Kumbe wewe ni yule wa vichaa."

"Ndiye mimi."

"Mji mzima unamsifu, wewe unakuja kumwita kichaa. Nyinyi watu wa milimani mnajua nini habari ya eda? Mnataka mumtoe shemeji yangu kwenye eda ya kaka yangu, mkamlaze wodini, watu wapite wakimchungulia?"

Hasira yake sikuilaumu. Ilikuwa ya mtu aliyefiwa, na heshima ya kaka yake ndiyo iliyokuwa imebaki mikononi. Nilitaka kumjibu, lakini aliyejibu alikuwa Bi Rukia, ambaye alikuwa ametoka nyuma yangu akiwa amekumbatia dumu na chupa za ile dawa, ushungi umemteleza.

"Salumu, wewe unaisifia eda barazani. Mimi ndiye ninayelala nayo. Mwenzetu anakwisha humu ndani na sisi tunapiga makofi. Mficha maradhi kilio humfichua. Chukua, kavitoe mjini hivi. Sitaki kuviona."

Bwana Salumu alivipokea vile vitu. Halafu akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Tufanyeje?"

Ninyi mtakaofika hapo, jueni kwamba swali hilo halina kitabu. Wodini kwetu kulikuwa na chumba kimoja cha wanawake, milango ikipiga kelele, na mgonjwa angeingizwa huku akiamini amemvunjia mumewe eda. Mtu anayejiona mzigo ukimwongezea na aibu, unamsukuma. Nyumbani palikuwa na hatari zake, lakini palikuwa na Bi Rukia. Nilimpigia simu daktari aliyenisimamia hospitalini, nikamweleza kila kitu. Aliniuliza swali moja: "Huyo wifi yake unamwamini?" Nikasema namwamini. Akasema basi, lakini kwa masharti.

Masharti yalikuwa haya. Dumu liondoke leo, na kila kinachofanana nalo. Mjane asiachwe peke yake hata kidogo, hata bafuni. Vidonge akae navyo Bi Rukia ndani ya mkoba wake mwenyewe, nami nitaleta vichache vichache, maana dawa ile ile ya kumponya ikimezwa kwa wingi inaua. Nitakuja kila mara. Na siku Bi Rukia akiona mambo yanazidi, gari litakuja, eda au si eda. Na Bwana Salumu akaulize kwa sheikh wake kama kumwokoa mtu si dharura.

"Na ukikosea?" Bwana Salumu akaniuliza.

"Nikikosea tutazika tena."

Nilirudi nyumbani jioni hiyo, nikakaa bila kuvua viatu. Mke wangu, Mama Stela, aliniuliza nina nini. Nikamwambia nimechoka. Ndilo jibu nililompa maisha yetu yote ya ndoa, na yeye alilijua, akanisogezea chai. Siri ya mgonjwa haiingii nyumbani, hiyo ndiyo sheria, na ni sheria nzuri. Lakini kuna usiku mtu unatamani kusema, leo nimeacha mtu nyuma ya pazia, na sijui kesho nitamkuta. Sikuwa na wa kumwambia. Bi Zaina, ambaye angefahamu, alikuwa kaburini Kivinje.

Basi nikawa mtu wa kigoda. Nilikwenda na mashine yangu ya presha ili majirani waone kinachoeleweka, nikapima, nikakaa. Siku nyingine tulisema maneno kumi, siku nyingine mawili. Sikujaribu kumchangamsha. Mtu aliye chini kisimani humpigii hadithi za kuchekesha kutoka juu. Nilimwambia tu, kila mara, "Nipo hapa, mama," na nilipoondoka nilimwambia nitakaporudi, nikarudi. Dawa zile huchukua majuma kabla hazijaonyesha kitu, na majuma hayo ndugu huanza kukata tamaa. Bi Rukia alikonda. Nilimwonya pia kwamba akiona wifi yake ameanza kupata nguvu asilegeze, afungue macho zaidi, kwa sababu mtu mgonjwa sana wakati mwingine hana hata nguvu za kujidhuru, na nguvu hurudi kabla ya matumaini. "Mola wangu," akasema, "hata kupona nako kuna hatari?" Nikamwambia hata kupona nako.

Siku moja niliingia ukumbini nikakuta ugomvi nyuma ya pazia.

"Wifi, huyu samaki umemtia chumvi ya bahari nzima? Au ndiyo mnataka nimfuate kaka yenu?"

Bi Rukia alitoka na sahani, machozi yakimlengalenga. "Umesikia, daktari? Nimekesha naye, namlisha kama mtoto, haya ndiyo malipo."

Mimi nilicheka mpaka nikaona haya. Yeye alisikia matusi; mimi nilisikia mtu ametambua ladha. Nikamwambia, "Bi Rukia, kesho zidisha chumvi." Akanitazama kama mimi ndiye wa kupewa vidonge.

Nilipoketi, ile sauti ikaniita yenyewe, kwa mara ya kwanza. "Daktari."

"Naam, mama."

"Uliniuliza mboga. Ilikuwa kisamvu. Cha nazi. Akila, analamba mpaka kiganja, mtu mzima mwenye wajukuu, nikimkanya ananiambia mkono ni wake." Ikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Alilia kile kilio ambacho alitakiwa kukilia siku ya msiba, kwa sauti, akimtaja mumewe jina. Bi Rukia aliweka sahani chini, akaingia ndani ya pazia. Mimi nilikaa pale ukumbini, nikatazama ukuta, nikafuta macho kwa mkono wa shati.

Eda iliisha bila mimi. Hayo ni mambo ya wanawake, na sikualikwa, wala haikupasa. Bwana Salumu alinipeleka pembeni siku moja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Dawa aliendelea kuzifuata Bi Rukia mpaka tulipozipunguza na kuziacha taratibu. Nikaambiwa mjane amehamia huku Masoko kwa binti yake, na hapo habari zikakatika. Ningetaka kumjua ningemjua, mji wenyewe ni huu huu. Sikutaka. Sura yake haikuwa sehemu ya nilichopewa.

Sisi tunafanya kazi hivyo. Mwenzangu wa wodi ya wazazi akipita sokoni anaitwa na akina mama wanaomwonyesha watoto. Mimi nikitangulia kumwamkia mtu, nimemtangaza kwamba aliwahi kuwa mgonjwa wangu. Kwa hiyo nilijifunza kutembea mjini kama mgeni, nikingoja niamkiwe, na wengi hawakuniamkia. Pwani hii asiyesalimia watu ana kiburi, na hivyo ndivyo nilivyosemwa. Iliniuma. Sasa nimestaafu na bado inaniuma, siwezi kuwaficha. Kwenye sherehe ya kuniaga walisema maneno mazuri, wakanipa saa ya ukutani, mimi ambaye sina tena pa kuwahi. Wale ambao wangeweza kusema nilifanya nini hawakuwapo, na sikuwategemea wawepo. Mama Stela naye alikwisha tangulia mbele ya haki, na watoto wako Dar, hupiga simu Jumapili.

Juma lililopita nilikwenda soko la samaki hapa Masoko. Nilikuwa nimeinamia meza, natazama samaki aina ya changu, nikasikia mama mmoja nyuma yangu akimshambulia muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye aproni.

"Huyu macho yamezama, unataka kuniuzia wa juzi? Mimi nimezaliwa na samaki, usinifanye mgeni. Tena huyu samaki akiendelea kunitazama hivyo namnunia mpaka Idi."

Watu wakacheka. Mimi mikono ilisimama juu ya meza. Sauti ile nilikuwa nimeisikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza sauti ya mtu yeyote, lakini sikuwahi kuisikia ikiwa na mzaha kiasi hicho, imejaa, inapanda na kushuka. Sikugeuka. Niliendelea kutazama samaki, nisiwaone.

Kisha akanyamaza. Nadhani alinitambua kwa mgongo, au kwa ule mkoba wangu wa siku zote, maana aliye nyuma ya pazia huona zaidi ya aliye mbele yake. Halafu akasema, polepole, "Mhudumie kwanza huyu baba. Mchagulie mkubwa, yule aliye chini ya barafu. Huyo wa juzi usithubutu."

Muuzaji akachimba barafuni. "Kwani mnajuana, mama?"

"Hatujuani," akasema.

Muuzaji akanitazama mimi, anangoja.

"Hatujuani," nikasema.

Nikalipa, nikaondoka kwa upande wa pili bila kugeuka. Nyuma yangu nikamsikia akianza tena kuvutana na muuzaji juu ya bei. Nilifika nyumbani nikamwosha yule samaki, nikamkaanga. Alikuwa mkubwa mno kwa mtu mmoja.